VICHOCHEO: VISAIDIZI VYA MOTO SAFI NA MAJI SAFI

Utangulizi

Ukisimama kando ya barabara kuu katika mji wa Mikumi, Mkoa wa Morogoro, utaona malori, mabasi na magari madogo yakipita mchana na usiku. Barabara hiyo hutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia. Kwa urefu wa kilomita 50 hivi hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kila gari lipitalo huchoma mafuta, na kila bomba la moshi hutoa hewa chafu. Hewa hiyo huvutwa na watu wa mjini, na pia na swala, pundamilia na twiga walio karibu na barabara.

Kaskazini ya Mikumi uko mji wa Kilosa, ambao ndio makao makuu ya wilaya. Mto Mkondoa hupita katika mji huo, na maji yake hatimaye huingia katika Mto Wami uendao Bahari ya Hindi. Wakati wa kiangazi mto huu huwa mtulivu. Wakati wa masika hujaa, na maji yake huwa na rangi ya udongo.

Moshi na maji machafu huonekana kuwa mambo mawili yasiyohusiana. Lakini mwanasayansi akiyatazama huona kwamba yote mawili yanahitaji kitu kimoja: uchafu ubadilishwe uwe kitu kisichodhuru. Badiliko hilo mara nyingi huenda polepole mno, au haliendi kabisa, mpaka lipate msaada. Msaidizi mmoja mkubwa wa mabadiliko huitwa kichocheo. Katika somo hili utajifunza kichocheo ni nini, hufanyaje kazi, na namna ya kukitofautisha na vitu vingine vinavyosafisha.

Kuungua ni nini?

Umewahi kuwasha moto wa kuni. Ili moto uwake, mambo matatu huhitajika: kitu cha kuungua, joto, na hewa. Katika hewa, sehemu inayohitajiwa na moto ni oksijeni. Kuni, mkaa, mafuta ya taa na petroli vyote vina kaboni ndani yake. Vinapoungua, kaboni huungana na oksijeni.

Oksijeni ikiwa ya kutosha, na joto likiwa kubwa, kaboni yote huungua. Hewa inayotokea huitwa kabonidioksaidi. Hewa hiyo ndiyo pia unayoitoa unapopumua. Huku ni kuungua kamili.

Oksijeni ikiwa haba, au joto likiwa dogo, kuni haziungui zote. Sehemu ya kaboni huruka hewani kama unga mweusi uitwao masizi. Sehemu nyingine huungana na oksijeni kidogo tu, ikawa hewa iitwayo kabonimonoksaidi. Huku ni kuungua nusunusu. Kwa hiyo moshi mwingi jikoni maana yake ni kwamba sehemu ya kuni imepotea bila kutoa joto lake. Mama aliyebeba mzigo wa kuni kutoka msituni amebeba pia moshi huo, nao haukumpikia chochote.

Jaribio la 1: Masizi hutoka wapi?

Vifaa: mshumaa, kibiriti, na sahani ya bati au kijiko kikubwa.

Njia: Washa mshumaa. Shika sahani juu ya mwali, mbali kidogo, kwa muda wa nusu dakika. Tazama chini ya sahani. Sasa ishushe sahani mpaka iguse katikati ya mwali, kisha itazame tena.

Utaona kwamba sahani ilipokuwa juu ilichafuka kidogo au haikuchafuka. Ilipogusa mwali, ilipakwa masizi. Sahani iliupoza mwali na kuizuia hewa, hivyo kaboni haikupata nafasi ya kuungua yote.

Kumbuka: Kabonimonoksaidi haina rangi, wala haina harufu. Mtu akiivuta, huishika damu yake, na damu hiyo hushindwa kuchukua oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na huweza kufa usingizini. Kwa sababu hiyo usilale kamwe katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa, hata kama mkaa hautoi moshi na usiku una baridi.

Kichocheo ni nini?

Sasa tuone namna kitu kimoja kinavyoweza kukisaidia kingine kuungua.

Jaribio la 2: Sukari na majivu

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako.

Vifaa: vipande viwili vya sukari, majivu makavu ya kuni, koleo, kibiriti, na sahani ya bati. Ikiwa huna sukari ya vipande, lowesha kidogo sukari ya kawaida, ishindilie katika vifuniko viwili vya chupa, kisha ianike juani mpaka ikauke. Sukari hiyo pengine imetokana na miwa ilimwayo katika bonde la Kilombero, kusini ya Mikumi.

Njia: Shika kipande cha kwanza kwa koleo, juu ya sahani. Kiwashie kibiriti. Tazama kitakavyokuwa. Kisha chukua kipande cha pili, kipake majivu upande mmoja, na uwashie kibiriti mahali penye majivu.

Kipande cha kwanza kitayeyuka, kitakuwa cha kahawia na kudondoka, lakini hakitawaka vizuri. Kipande cha pili kitashika moto na kuwaka kwa mwali mdogo. Jaribu kuwasha majivu peke yake: hayawaki, maana yamekwisha kuungua. Hata hivyo, yalipokuwa juu ya sukari, yaliisaidia sukari kuwaka. Sukari ilipokwisha, majivu yalibaki kuwa majivu.

Kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia, na ambacho chenyewe hakitumiki na kuisha katika badiliko hilo, huitwa kichocheo. Majivu yalikuwa kichocheo cha kuungua kwa sukari.

Angalia vizuri neno lenyewe. Tunasema "chochea moto" tunaposukuma kuni au kupepea ili moto uwake zaidi. Lakini kuni unazozisukuma huungua, na hewa unayoipepea hutumika. Kichocheo cha mwanasayansi ni tofauti: husaidia, kisha hubaki.

Unaweza kukifananisha na mshenga. Mshenga huenda kwa wazee wa upande mmoja na wa upande wa pili, akazikutanisha jamaa mbili ambazo pengine zisingekutana, au zingechelewa. Arusi ikiisha, mshenga hakuoa wala hakuolewa. Yuko vilevile, na kesho anaweza kutumwa kwingine.

Kichocheo hufanyaje kazi?

Kila badiliko la kikemia lina kilima cha kupanda kabla halijaanza. Kilima hicho ni joto, au nguvu nyingine, inayohitajika ili chembe za vitu ziachane na ziungane upya. Karatasi haiwaki yenyewe mezani, ingawa imezungukwa na oksijeni. Lazima kwanza uipe joto la kibiriti ili ivuke kilima chake.

Wilaya ya Kilosa ina milima, na reli zipitazo humo hutufundisha jambo hili. Treni ikilazimika kupanda mlima mpaka kileleni na kushuka upande wa pili, hutumia nguvu nyingi. Reli mpya ya umeme, ambayo treni zake zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, imepitishwa katika mahandaki yaliyochimbwa ndani ya milima ya Kilosa. Mwanzo wa safari ni uleule, na mwisho ni uleule. Kilichobadilika ni njia.

Kichocheo ni kama handaki hilo. Hakibadilishi vitu vinavyoanza wala vitu vinavyotokea mwishoni. Hufungua njia iliyo rahisi zaidi, ili badiliko litokee kwa joto dogo au kwa haraka. Na kama vile handaki halitumiki na kuisha kwa sababu treni imepita, kichocheo nacho hakiishi.

Mwaka 1817 mwanasayansi wa Uingereza aitwaye Humphry Davy aliona jambo la ajabu. Alichukua waya mwembamba wa platinamu, ambayo ni metali ya thamani kama dhahabu. Aliupasha moto, kisha akauweka katika mchanganyiko wa hewa na gesi inayoungua. Waya ulibaki umewaka wekundu, ingawa hapakuwa na mwali wowote. Gesi ilikuwa ikiungua juu ya uso wa platinamu, kimya kimya, bila moto kuonekana. Mwaka 1835 mwanasayansi wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, aliyapa mabadiliko ya namna hiyo jina lake la kitaalamu.

Kichocheo ndani ya gari

Alichokiona Davy hutumika leo katika magari mengi yanayotumia petroli. Chini ya gari, kwenye bomba la moshi, kuna kopo la chuma. Ndani yake kuna kitu kama kigae, chenye maelfu ya vijia vyembamba vilivyopangana kama sega la nyuki. Ndiyo maana mafundi wa magari hukiita masega. Kuta za vijia hivyo zimepakwa metali tatu kwa unene mdogo sana: platinamu, paladi na rodi. Metali hizo ndizo vichocheo.

Moshi wa injini hupita katika vijia hivyo ukiwa na moto. Humo mambo matatu hutokea. Kwanza, kabonimonoksaidi hupata oksijeni zaidi, ikawa kabonidioksaidi. Pili, mvuke wa petroli ambao haukuungua katika injini humalizika kuungua, ukawa kabonidioksaidi na maji. Tatu, oksidi za nitrojeni, ambazo huwasha mapafu, hugawanyika zikawa nitrojeni na oksijeni, ambazo ni hewa za kawaida tunazozivuta. Vijia ni vingi na vyembamba ili moshi uguse uso mkubwa wa kichocheo. Metali ambayo haikuguswa na moshi haiwezi kufanya kazi.

Masega hayafanyi kazi yakiwa baridi. Huhitaji joto la kiasi cha nyuzi 300 za Sentigredi. Hivyo dakika za kwanza baada ya gari kuwashwa, moshi hutoka ukiwa bado mchafu. Usisimame nyuma ya gari linalopashwa injini, wala usikae katika banda lililofungwa ambamo gari linanguruma.

Magari ya namna hiyo yalianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwaka 1975. Wakati huo petroli ya nchi nyingi, yetu ikiwamo, ilichanganywa na risasi ili injini isigonge. Risasi ni sumu kwa watoto: hudhuru ubongo. Tena ni sumu kwa kichocheo, maana hung'ang'ania uso wa platinamu na kuufunika, na moshi haupati tena mahali pa kugusa. Kwa hiyo ilikuwa lazima risasi iondolewe. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, Tanzania ikiwa mojawapo, ziliacha kuagiza na kutengeneza petroli yenye risasi. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Aljeria, mwaka 2021.

Kuna watu wanaokata masega ya magari na kuyauza, kwa kuwa metali zilizomo ni ghali. Gari hilo huendelea kutembea, na dereva huenda asione tofauti. Lakini kabonimonoksaidi na oksidi za nitrojeni humwagwa zote barabarani. Anayeziona tofauti hizo ni muuza mahindi aliyeketi kando ya njia tangu asubuhi hadi jioni, na mtoto aliyebebwa mgongoni mwake.

Malori na mabasi mengi yapitayo Mikumi hutumia dizeli. Moshi wao mweusi ni masizi, kama yale uliyoyaona chini ya sahani. Injini ikitunzwa vizuri na chujio lake la hewa likisafishwa, masizi hupungua, maana mafuta hupata hewa ya kutosha.

Maji ya Mto Mkondoa

Sasa tuache barabara ya Mikumi, twende kwenye mto wa Kilosa.

Mwezi wa Desemba mwaka 2009 na Januari mwaka 2010 mvua kubwa zilinyesha. Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta lililojengwa kuukinga mji. Maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza nyumba zao na kukaa katika mahema. Reli ya kati nayo iliharibika kati ya Kilosa na Gulwe. Watu walizungukwa na maji pande zote, lakini maji safi ya kunywa yalikuwa haba. Maji ya mafuriko hupita katika vyoo, mazizi na majalala, nayo hubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi mengine ya kuhara.

Maji ya namna hiyo yana uchafu wa aina mbili. Aina ya kwanza huonekana: matope, majani na takataka. Aina ya pili haionekani kwa macho: vijidudu vya maradhi. Maji yanayong'aa huweza kuwa na vijidudu. Kwa sababu hiyo kusafisha maji ni kazi ya hatua mbili, nazo hufuatana.

Hatua ya kwanza: kuondoa matope

Maji yakiachwa yatulie katika ndoo, udongo mzito huzama. Udongo mwepesi sana hubaki ukielea. Hapo watu hutumia shabu, ambayo ni jiwe jeupe linalouzwa madukani. Shabu ikiyeyuka katika maji huzifanya chembe za udongo zishikamane, zikawa mabonge, na mabonge huzama. Mbegu za mlonge zilizosagwa hufanya kazi kama hiyo.

Je, shabu ni kichocheo? Fikiri kabla ya kusoma zaidi. Jibu ni hapana. Shabu huungana na udongo na kuzama pamoja nao chini ya ndoo. Ndoo ya kesho huhitaji shabu nyingine. Imetumika.

Njia nyingine ni chujio la mchanga. Chukua pipa safi lenye bomba karibu na chini. Weka kokoto chini, changarawe juu yake, kisha mchanga mzuri uliooshwa, kwa unene mkubwa. Maji humwagwa juu taratibu na kutoka chini yakiwa yamechujwa. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga chujio kubwa la namna hii London, kusafisha maji ya Mto Thames.

Watu wa wakati huo walidhani kwamba mchanga huzuia uchafu tu, kama kichujio cha chai. Baadaye iligunduliwa kwamba kuna jambo jingine. Baada ya wiki mbili au tatu, juu ya mchanga hutokea utando mwembamba wenye utelezi. Utando huo ni makazi ya viumbe wadogo mno ambao hawaleti maradhi. Viumbe hao hula uchafu na hata vijidudu vya maradhi. Nao hula kwa kutumia vichocheo!

Jaribio la 3: Kichocheo kilichomo kinywani mwako

Vifaa: tonge dogo la ugali usio na kitoweo, au kipande cha mkate usiotiwa sukari.

Njia: Osha mikono. Tafuna chakula hicho kwa dakika mbili au tatu bila kumeza.

Utaona kwamba utamu kidogo hutokea. Ugali una wanga, na wanga hauna utamu. Mate yako yana kitu kinachoukata wanga na kuufanya sukari. Kitu hicho huitwa kimeng'enya. Vimeng'enya ni vichocheo vinavyotengenezwa na viumbe hai. Mnyama, mti na kijidudu vyote vina vimeng'enya vyake. Viumbe walio katika utando wa mchanga huvunja uchafu kwa vimeng'enya, kama wewe unavyouvunja ugali kwa mate.

Utando huo hautaki kuongezwa kila siku kama shabu. Hutaka kutunzwa. Mchanga ufunikwe na maji wakati wote, maana ukikauka viumbe hufa. Maji yakianza kupita polepole mno, mchanga wa juu kabisa huondolewa kidogo, na utando huachwa ujijenge upya. Maji yenye matope mengi yatulizwe kwanza, yasije yakaziba chujio.

Hatua ya pili: kuua vijidudu

Chujio hupunguza vijidudu, lakini haliwamalizi wote. Kwa hiyo maji ya kunywa lazima yatibiwe tena. Njia iliyo wazi kwa kila nyumba ni kuyachemsha mpaka yatokote kwa nguvu, kisha kuyahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko.

Njia ya pili ni kutumia dawa yenye klorini. Fuata kipimo kilichoandikwa, kisha subiri nusu saa kabla ya kunywa. Klorini si kichocheo. Huua vijidudu kwa kupigana nao, nayo huisha katika vita hivyo. Tena haichagui adui: ikikuta matope na majani, hutumika kwa hayo pia. Ukitia dawa katika maji ya matope, dawa huweza kuisha kabla haijawafikia vijidudu. Hii ndiyo sababu hatua ya kwanza haiwezi kurukwa.

Njia ya tatu ni jua. Maji maangavu hutiwa katika chupa ya plastiki isiyo na rangi na kuachwa katika jua kali kwa saa sita. Mawingu yakiwa mengi, huachwa siku mbili. Mionzi ya jua huua vijidudu.

Wanasayansi wamefikiri namna ya kulisaidia jua kwa kichocheo. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kwamba dioksidi ya titani ikipigwa na mionzi ndani ya maji huweza kuyagawanya maji yenyewe kuwa hidrojeni na oksijeni. Dioksidi ya titani ni unga mweupe ambao hutiwa pia katika rangi ya kupaka ukuta. Baadaye ilionekana kwamba unga huo ukiwa katika mwanga huweza kuvunja uchafu na kuua vijidudu majini. Jua ndilo linalotoa nguvu. Unga husaidia tu, nao hauishi.

Kinachoisha na kisichoisha

Sasa unaweza kuvigawa visafishaji katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyotumika: shabu, mbegu za mlonge, klorini, na kuni za kuchemshia maji. Vitu hivi huisha. Lazima vipimwe, vinunuliwe au vitafutwe tena. Anayevitumia hujiuliza: "Je, vinatosha?"

Fungu la pili ni vichocheo: metali za masega, vimeng'enya vya utando wa mchanga, dioksidi ya titani. Vitu hivi haviishi kwa kufanya kazi, lakini huweza kuharibika. Risasi huviziba, ukame huua viumbe vyenye vimeng'enya, na mwizi huvikata na kuviuza. Lazima vilindwe. Anayevitumia hujiuliza: "Je, bado ni vizima?"

Mtu asiyejua tofauti hiyo huweza kukosea vibaya. Mmoja atatia klorini mara moja akidhani imetosha wiki nzima. Mwingine atajenga chujio zuri, aliache likauke, kisha ashangae kwamba maji yake yanawaumiza watoto matumbo.

Kichocheo hakitoshi peke yake

Kichocheo hakiumbi kitu kisichokuwapo. Pasipo na oksijeni, platinamu haiwezi kumaliza moshi. Kuni mbichi hazitawaka vizuri. Nyumbani, njia za kupata moto safi bado ni zile za kwanza: kuni kavu, hewa ya kutosha, dirisha au bomba la kutolea moshi, na jiko banifu linalohifadhi joto ili moshi nao uungue.

Tena kuni na mkaa hutoka msituni, na msitu ndio unaoishika ardhi isichukuliwe na maji. Mlima ukibaki mtupu, mvua hubeba udongo wake mpaka mtoni. Hivyo moto wa jikoni na matope ya mto vina uhusiano. Katika Wilaya ya Kilosa, tangu mwaka 2012, baadhi ya vijiji, kama vile Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, vilianza mpango wa kuvuna miti ya mkaa kwa zamu. Sehemu ya msitu wa kijiji iliyotengwa kwa mkaa hugawanywa katika vipande vya mraba, kila kimoja mita 50 kwa mita 50. Kipande kinachovunwa huzungukwa na vilivyoachwa, na visiki vyake huachiwa vichipue. Mpango ni kwamba kipande kilichovunwa kipumzike miaka 24 kabla ya kurudiwa. Mtoto wa darasa la tano anayeona kipande kikikatwa leo atakuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini kitakapokatwa tena.

Muhtasari

1. Kuungua kamili huhitaji oksijeni ya kutosha na joto. Kuungua nusunusu hutoa masizi na kabonimonoksaidi, ambayo huua.
2. Kichocheo huharakisha badiliko la kikemia, nacho hakiishi.
3. Masega ya gari hubadilisha hewa za sumu kuwa hewa zisizo na sumu kwa msaada wa platinamu, paladi na rodi.
4. Kimeng'enya ni kichocheo cha kiumbe hai.
5. Maji husafishwa kwa hatua mbili: kuondoa matope, kisha kuua vijidudu.
6. Kinachotumika huongezwa, kichocheo hulindwa.

Maswali

1. Taja mambo matatu yanayohitajika ili moto uwake.
2. Kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa?
3. Majivu yaliisaidia sukari kuwaka. Utathibitishaje kwamba majivu hayakuungua?
4. Eleza kwa nini petroli yenye risasi haifai kwa gari lenye masega.
5. Shabu na utando wa mchanga vyote husaidia kusafisha maji. Kimoja kina vichocheo na kingine si kichocheo. Eleza tofauti.
6. Jirani yako ametia dawa ya klorini katika ndoo ya maji ya matope kutoka mtoni. Mshauri afanye nini, na kwa nini.
7. Kwa nini vijia vya masega ni vingi na vyembamba?

Kazi ya nyumbani

Tazama moto unaopikiwa kwenu kwa siku tatu. Andika kila siku: kuni au mkaa ulikuwa mkavu au mbichi? Moshi ulikuwa mwingi au kidogo? Mlango na dirisha vilikuwa wazi au vimefungwa? Kisha chungulia chombo cha maji ya kunywa: maji yametoka wapi, na yamepitia hatua zipi? Waeleze wazazi au walezi wako ulichojifunza, na mwelewane jambo moja mtakaloanza kulifanya nyumbani. Lete daftari lako darasani ili mlinganishe.